Kumkumbuka kocha wa watoto wetu

Katika makanisa yetu ya mashariki tunawazika watu ambao majina yao hayamo katika orodha ya wazee wa kanisa, wala ya mashemasi, wala ya waimbaji, lakini siku ya matanga yao uwanja unajaa watoto. Mmoja wa watu hao ni kocha wa mpira wa watoto wa mtaa. Hana mshahara wala mkataba. Ana firimbi, ana mpira uliokwisha kushonwa mara nyingi, na mara nyingine ana daftari lenye majina. Anapolala, watu wazima wanatazamana na kuulizana: watoto hawa wote ni wa nani?

Swali hilo linastahili jibu. Tumezoea kumsifu marehemu kwa maneno machache, kwamba alipenda vijana na alipenda michezo, kisha tunaendelea na programu. Lakini tukisema hivyo tu, tunazika pamoja naye kazi ambayo hatukuielewa. Katika makala hii tunataka kueleza mambo matatu: kazi ya kocha wa watoto ni nini hasa, kwa nini kazi hiyo inahusu kanisa hapa kwetu Bogoro, na namna gani ya kumkumbuka mtu huyo ili ukumbusho usiishe pamoja na chakula cha matanga.

Bogoro inajua maana ya mtoto kupotea

Bogoro iko umbali wa kilomita 25 hivi kutoka Bunia, kwenye barabara inayoshuka kuelekea Kasenyi na Ziwa Albert. Ndugu zetu wa mbali wanalijua jina la kijiji hiki kwa sababu ya tarehe moja: 24 Februari 2003. Alfajiri ya siku hiyo kijiji kilishambuliwa, raia wakauawa, nyumba zikachomwa na mali ikaporwa. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ile tunayoiita CPI, ilimtia Germain Katanga hatiani kwa sababu ya shambulio hilo tarehe 7 Machi 2014, na mwezi wa Mei mwaka uleule ikampa kifungo cha miaka 12.

Miaka miwili kabla ya hapo, tarehe 14 Machi 2012, mahakama hiyohiyo ilikuwa imetoa hukumu yake ya kwanza kabisa tangu ianzishwe. Ilimhusu Thomas Lubanga, naye pia wa Ituri, wa upande uliokuwa ukipigana na ule wa Katanga. Kosa lake lilikuwa kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani, katika miaka ya 2002 na 2003. Katika kesi ya Bogoro pia majaji waliona kwamba watoto walikuwamo kati ya wapiganaji, ingawa kosa hilo halikuthibitishwa dhidi ya Katanga mwenyewe.

Tunataja mambo haya bila nia ya kufungua vidonda. Tunayataja kwa sababu yanatuonyesha kwamba katika vita vyetu mtoto hakuwa mtazamaji, upande wowote ule. Mtoto aliyekuwa na miaka 13 mwaka 2003, kama alipona, leo ni mtu mzima wa miaka thelathini na zaidi. Anaweza kuwa ameketi katika benchi la kanisa letu na watoto wake mwenyewe. Na makundi yenye silaha hayajaisha. Tangu Mei 2021 jimbo letu liko chini ya utawala wa kijeshi, na hata hivyo kuna familia ambazo bado zinalala kambini, mbali na mashamba yao. Kwa hiyo mzazi wa Bogoro anapouliza jioni mtoto wake yuko wapi, swali lake lina uzito kuliko swali kama hilo mahali pengine.

Kocha anafanya kazi gani?

Mtu akipita barabarani anaona mwanaume anayepiga kelele na watoto wanaokimbia katika vumbi. Kazi yenyewe iko ndani zaidi.

Kwanza, kocha anahesabu. Kabla ya mazoezi anatazama nani amekuja na nani hayupo. Mchungaji anamwona mtoto mara moja kwa juma, tena katika kundi kubwa. Mwalimu wa shule anamwona kila siku, lakini mtoto aliyefukuzwa kwa sababu ya minerval hayuko tena mbele ya mwalimu. Kiwanjani hakuna minerval. Ndiyo maana mara nyingi kocha ndiye mtu wa kwanza kujua kwamba mtoto fulani hajaonekana tangu siku tatu, naye anapita nyumbani kwao kuuliza. Hapa tunamkumbuka mchungaji wa Luka 15. Asingejua kwamba kondoo mmoja amepotea kama asingekuwa amewahesabu wale mia moja.

Pili, kocha anamwona mtoto mwili mzima. Anaona anayechoka upesi kwa sababu hakula tangu jana. Anaona alama za fimbo mgongoni. Anaona yule aliyekuwa mchangamfu na sasa anakaa peke yake chini ya mti. Mambo ambayo mtoto hawezi kuyasema mbele ya mtu mzima, mwili wake unayasema akicheza.

Tatu, kocha anampa mtoto mahali pake. Mtoto anaambiwa: wewe ni kipa, wewe unacheza kushoto, tunakungojea saa kumi. Tusidharau neno hilo la kungojewa. Wanaowavuta watoto kwenda porini hawatumii nguvu kila mara. Mara nyingine wanawapa chakula, wanawapa jina jipya, wanawaahidi kulipiza kisasi cha jamaa zao, wanawafanya waone kwamba mahali fulani wanahitajiwa. Mtoto ambaye hangojewi na mtu yeyote ni rahisi kuchukuliwa na yule wa kwanza anayemwita.

Nne, na hili ndilo kubwa kwetu sisi wa Ituri, kocha anamfundisha mtoto kushindwa bila kulipiza. Umefungwa mabao matatu. Umeonewa na mwamuzi. Umekanyagwa mguu. Baada ya firimbi ya mwisho unapanga mstari na kuupa mkono upande wa pili, na juma lijalo mtacheza tena. Kwetu damu moja imezoea kuita damu nyingine, na mtoto anayejifunza kwamba kushindwa kwa leo si mwisho wa mambo, na kwamba aliyemshinda si adui wa kuondolewa, anajifunza jambo ambalo hata wakubwa wengi hawajalijua.

Mpira peke yake hauleti amani

Hapa ni lazima tuseme ukweli. Mpira wenyewe haupatanishi watu. Timu ya mtaa mmoja ikikutana na timu ya mtaa mwingine, na mitaa hiyo ina chuki ya zamani, mchezo unaweza kumalizika kwa mawe. Watu wazima wakisimama pembeni na kutukana kabila la wale wengine, watoto watajifunza matusi kuliko pasi. Kinacholeta amani ni namna kocha anavyoupanga mchezo.

Kocha mwenye hekima hawagawi watoto kwa ukoo wala kwa upande wa barabara. Anawachanganya. Anampanga mtoto Mhema na mtoto Mngiti katika safu moja ya ulinzi, ili kila mmoja ajue kwamba asipomsaidia mwenzake wote wawili watafungwa. Akitokea anayetukana kabila, anatolewa nje hata kama ndiye mfungaji hodari, na timu inacheza na pengo. Kumtoa mfungaji wako siku ya mchezo mkubwa kwa sababu ya neno moja ni mahubiri, na watoto hawayasahau.

Anahitaji pia kujilinda na kuwalinda watoto. Mtu anayekaa na watoto wengi bila mwenzake anaweza kusingiziwa, na mtu mwovu anaweza kujificha katika kazi hiyo. Kwa hiyo kiwanja kinahitaji watu wazima wawili, mmoja wao mama ikiwezekana, hasa pale wasichana wanapocheza. Watoto wasilale kwa kocha. Safari ya mechi ya mbali ijulikane na wazazi. Kanisa linalompenda kocha halimwachi peke yake.

Wengine waliofanya kazi hii

Kazi hii si mpya, na tunaweza kujifunza kutoka kwa wengine. Hapa kwetu Kongo jina kubwa ni la Tata Raphaël. Alikuwa padri Mbelgiji wa shirika la Scheut, Raphaël de la Kethulle de Ryhove, aliyefika Léopoldville mwaka 1917. Alijenga shule, na mwaka 1919 akaanzisha chama cha michezo kwa vijana Wakongomani. Mwaka 1936 akaanzisha timu ya Daring, ambayo leo tunaijua kwa jina la Motema Pembe. Alikuwa mtu wa wakati wa ukoloni, na wakati ule ulikuwa na dhuluma zake, lakini watoto wa mji walimwita tata, yaani baba. Alifariki mwaka 1956. Kiwanja kikubwa alichokipigania kilifunguliwa mwaka 1952 kwa jina la mfalme wa Wabelgiji, kikaitwa baadaye 20 Mai, na tangu 1997 kinaitwa Stade Tata Raphaël. Jina la mfalme limeondoka, likaja la mwalimu wa vijana. Sisi Waprotestanti hatupotezi chochote tukikubali kwamba padri huyo alitutangulia katika jambo hili.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na hali yetu ya umaskini. Mwaka 1987, katika mtaa wa Mathare mjini Nairobi, Mkanada Bob Munro aliwaona watoto wakicheza na mpira wa mifuko ya plastiki iliyofungwa kamba. Alikubali kuwasaidia kupanga ligi, kwa sharti moja: nao wafanye kitu kwa ajili ya mtaa wao. Hivyo kikazaliwa chama cha MYSA. Timu zilitoka kuzoa takataka na kuzibua mifereji, na kazi hiyo iliingia katika msimamo wa ligi. Kushinda mchezo kulileta pointi 3, kumaliza kazi ya usafi pointi 6. Timu yenye wachezaji hodari lakini wavivu haikuweza kuwa bingwa. Vijana waliojitolea kufundisha wadogo zao walipata pointi zao pia, na pointi hizo ziligeuka kuwa ada iliyolipwa moja kwa moja shuleni. Tangu 1992 wasichana nao waliingia. Mwaka 1994 ilianzishwa timu ya Mathare United, na mwaka 2008 timu hiyo ikawa bingwa wa Kenya.

Tuangalie jambo moja katika habari hiyo. Munro hakuwa mtu wa kushika firimbi kila jioni katika kila kiwanja, asingeweza. Kazi ilienea kwa sababu vijana wa miaka 15 au 16 walipewa wadogo wa miaka 10 wawafundishe. Kazi ya kocha inaishi baada yake kama alimwachia mtu firimbi wakati bado yuko hai.

Je, na siku ya Mungu?

Tunajua kinachosemwa katika vikao vya wazee. Kocha huyu tunayetaka kumkumbuka, watoto walicheza siku ya yenga! Wengine hawakufika ibadani kwa sababu ya mechi. Swali hilo ni halali na hatutaki kulikwepa.

Mfano mzuri ni Eric Liddell, mwanariadha wa Uskoti. Katika michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 1924 alikataa kukimbia mita 100 kwa sababu mchujo ulipangwa siku ya Mungu. Akakimbia mita 400 siku nyingine na kupata medali ya dhahabu. Mwaka uliofuata alikwenda China kuwa mmisionari. Wakati wa vita kuu ya pili Wajapani walimfungia katika kambi ya Weihsien pamoja na watu wengi, kati yao watoto na vijana, naye akawa mwalimu na kocha wao. Siku ya Mungu hakuwachezesha. Lakini vijana wakacheza wenyewe bila mwamuzi, na mchezo ukaishia katika mapigano. Yenga iliyofuata Liddell mwenyewe alikuja kuwa mwamuzi wao. Alifariki kambini humo tarehe 21 Februari 1945, akiwa na miaka 43.

Mtu aliyekataa mbio za dunia kwa ajili ya siku ya Bwana alikubali kushika firimbi siku hiyohiyo ili watoto wasiumizane. Hakubadilisha imani yake. Aliona kwamba heshima yake mwenyewe ni jambo moja, na usalama wa watoto ni jambo jingine. Sisi hatusemi mechi zipangwe saa za ibadani. Tunasema wazee wa kanisa na kocha wakae pamoja wapange saa, ibada asubuhi na mpira jioni, badala ya kumhukumu kwa mbali mpaka siku ya kumzika.

Namna ya kumkumbuka

Waebrania 13 inatuagiza tuwakumbuke waliotuongoza, tutazame mwisho wa mwenendo wao na kuiga imani yao. Katika agizo hilo kukumbuka kunaishia katika kuiga. Hapo ndipo matanga yetu yanapungukiwa. Tunachapisha nguo zenye picha ya marehemu, tunakodi viti na vyombo vya muziki, tunachinja. Baadaye watoto wanarudi kiwanjani na hakuna anayewangojea.

Njia nyingine inayopendwa ni kombe la ukumbusho. Si mbaya. Lakini tumeona mara nyingi linavyokwenda: timu zinaingiza watu wazima ili zishinde, mtu wa siasa anafungua kwa hotuba ndefu, zawadi inaleta ugomvi, na baada ya siku mbili mambo yamekwisha. Watoto ambao marehemu aliwatumikia wamesimama pembeni wakitazama.

Watu wa Bogoro wenyewe wametufundisha njia iliyo bora. Tarehe 24 Machi 2017 mahakama ilipotoa amri ya fidia kwa wahanga 297, kila mmoja alipewa dola 250 kama ishara, pamoja na msaada wa pamoja wa namna nne: makazi, shughuli za kuleta kipato, elimu na matunzo ya waliojeruhiwa nafsi. Minara na sherehe za ukumbusho hazikuwa kati ya mambo ambayo wahanga waliyapendelea. Walichagua paa, kazi, shule na uponyaji. Waliopoteza jamaa waliona kwamba kinachomheshimu aliyekufa ni kumsaidia aliyebaki. Basi na sisi tumkumbuke kocha hivyo. Tunapendekeza mambo matano ambayo ushirika wowote unaweza kuyafanya, hata ule maskini.

Kwanza, siku ya mazishi watoto wapewe nafasi ya kusema. Wawili au watatu wanatosha. Waseme alichowatendea, si jinsi alivyokuwa mtu mkubwa.

Pili, daftari lake lipokelewe na kanisa. Kama hakuwa na daftari, vijana wakae na katibu wa ushirika waandike majina: mtoto, mzazi, mtaa, shule. Orodha hiyo itunzwe kwa siri kama tunavyotunza mambo ya familia, kwa maana majina ya watoto katika mikono mibaya ni hatari.

Tatu, kabla ya kuinua matanga wachaguliwe watu wawili wa kushika kazi, mwanaume na mwanamke, wanaojulikana kwa tabia njema. Waombewe mbele ya ushirika kama tunavyowaombea walimu wa shule ya yenga. Maombi hayo yanawaambia watoto kwamba kanisa linawajua.

Nne, sehemu ya michango ya matanga itengwe. Bei ya mbuzi mmoja inaweza kununua mipira na pampu. Mara moja kwa mwezi sadaka ndogo ikumbuke kiwanja, na hesabu yake isomwe wazi.

Tano, kiwanja chenyewe kilindwe. Ardhi yetu ina migogoro mingi, na uwanja usio na karatasi huliwa kidogo kidogo mpaka unakuwa parseli za watu. Wazee wa kanisa wakutane na mkuu wa kijiji mapema, mipaka ijulikane, miti ipandwe pembeni. Labda huo ndio ukumbusho utakaodumu kuliko jiwe lolote.

Ndugu na dada, nabii Zekaria, katika sura ya 8, alipotaka kuwaonyesha watu waliorudi kutoka uhamishoni jinsi mji wao utakavyopona, aliwaonyesha wazee wameketi njiani na mikongojo yao kwa sababu ya wingi wa umri, na njia zimejaa wavulana na wasichana wanaocheza. Hizo ndizo alama zake mbili za amani: watu wanazeeka, na watoto wanacheza. Kocha aliyelala alikuwa akiitengeneza alama ya pili kila jioni, mbele ya macho yetu. Jioni ya leo, ushirika ulio karibu na kiwanja umtume mtu akawahesabu watoto. Bwana awabariki wote wanaowatunza wadogo hawa, na kuwafariji waliofiwa.